Amani Iliyoanzia Harusini: Kina Mama wa Wajir na Funzo Lao Kwetu



Mara nyingi tukikutana hapa ni habari za vitambaa, singo, udi na namna ya kumpamba mwari apendeze asitoke nje ya mipaka ya dini. Leo mtuwie radhi, tunaweka mkasi pembeni. Tunataka kuwasimulia historia ya harusi moja.

Harusi yenyewe haikusifika kwa gauni wala kwa pilau. Ilifanyika Wajir, kaskazini mashariki ya Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati mji ule ulikuwa haulali kwa milio ya bunduki. Wanawake waliohudhuria walitoka katika koo zilizokuwa zikiuana. Wakakaa pamoja, kama wanawake wanavyokaa harusini, na mazungumzo yakafika pale yalipokuwa yakiogopwa kufika: hivi sisi tunangoja nini? Kutokana na kikao kile ilianza kazi ya amani ambayo leo inafundishwa katika nchi nyingi za dunia.

Tulipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza, tulikumbuka harusi nyengine, ya kwetu.

Sinia zilizorudi jikoni

Wakati ule tulikuwa wasichana wa skuli, Pemba. Siasa za vyama zilikuwa zimewagawa watu mpaka wapo waliokuwa hawapandi daladala ya mtu wa chama chengine, hawanunui dukani kwake, hawaendi kumzikia maiti wake. Mtaani kwetu pakawa na harusi. Palipikwa pilau ya mtaa mzima, lakini nusu ya mtaa haikuja, kwa sababu baba wa biharusi alikuwa wa upande ule. Sinia zilirudi jikoni zimejaa.

Biharusi alikuwa amekaa kitandani na hina yake, anauliza: "Fulani hajaja? Na mama fulani je?" Huyo mama fulani alikuwa jirani wa ukuta mmoja, aliyembeba mgongoni tangu mdogo. Hakuja. Na sisi tuliokuwemo ndani, wasichana na watu wazima, hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenda kumpigia hodi. Tulinyamaza tukaona kwamba tumefanya subira.

Kisha ikaja Januari 2001. Damu ilimwagika visiwani, na ndugu zetu wapatao elfu mbili wakavuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Wengi wao walipelekwa kambi ya Dadaab, katika mkoa ule ule wa kaskazini mashariki ambamo Wajir ilikuwamo. Kwa hiyo, dada zetu, msidhani tunawasimulia habari za watu wa mbali. Tumewahi kuwa wageni wa ardhi ile.

Wajir kabla ya amani

Wajir ni nchi kavu ya wafugaji, karibu na mipaka ya Somalia na Ethiopia. Wakaazi wake wengi ni Wasomali Waislamu, na koo kubwa tatu zilizokuwa zikitajwa zaidi ni Ajuran, Degodia na Ogaden. Wote wanaswali kibla kimoja na wanaoana.

Dhiki zao hazikuanza siku moja. Tangu Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, mkoa ule uliingia katika vita vilivyoitwa vya shifta, na sheria za hali ya hatari zikaendelea kutumika huko mpaka mwaka 1991. Februari 1984 vikosi vya serikali viliwakusanya wanaume wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, na wengi wakauawa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo, baina ya hesabu ya serikali na ya familia zao. Mwanamke wa Wajir aliyekuwa mtu mzima mwaka 1992 alikuwa amekwishaona makaburi mengi, na hakuwa na sababu ya kumwamini askari wala ofisa.

Ndipo mambo matatu yakagongana kwa pamoja. Ukame wa 1991 na 1992 uliua mifugo, na mfugaji asiye na mnyama hana posho wala mahari. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991, wakimbizi wakavuka mpaka na silaha zikavuka pamoja nao, bunduki ikawa rahisi kupatikana. Halafu ukaja uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, na kiti cha ubunge kikahesabiwa kuwa ni mali ya ukoo. Ugomvi wa visima na malisho uliokuwa ukisuluhishwa na wazee ukageuka kuwa vita. Hesabu zinazotajwa mara nyingi kwa miaka ile ni za zaidi ya watu elfu moja waliouawa. Tena tusisahau mifugo iliyoibiwa, wanawake waliodhulumiwa, na maduka yaliyofungwa.

Mvunguni mwa kitanda

Miongoni mwa waliokuwemo mjini alikuwa mama kijana, Bi Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964. Mwenyewe alisimulia kisa kilichomwamsha. Usiku mmoja risasi zilianza kulia karibu na nyumba yake. Alimkamata mwanawe wa kwanza wakaingia mvunguni mwa kitanda, wakakaa humo saa nyingi huku risasi zinapita chumbani. Asubuhi mama yake mzazi akamkumbusha jambo: miaka ya 1960, wakati wa vita vya shifta, Dekha akiwa mtoto mdogo, yeye naye alimficha mvunguni vivyo hivyo.

Hebu lifikirini hilo. Bibi, mama na mjukuu, na mvungu ni ule ule. Wanawake wale wawili wakasikitika kwamba kizazi cha pili kinalelewa chini ya kitanda, na kama hakuna litakalofanywa, cha tatu kitafuata.

Wazee wetu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bi Dekha aliinama usiku ule kwa kumwokoa mwanawe. Lakini kuinama kwake kwa kweli kulikuja baadaye, pale alipokwenda kuzungumza na wanawake wa koo nyengine, ambao waume na kaka zao ndio waliokuwa upande wa pili wa bunduki.

Nafasi ikapatikana katika ile harusi. Kwa desturi zao mwanamke wa Kisomali huzaliwa katika ukoo mmoja na mara nyingi huolewa katika mwengine. Koo zikipigana, yeye anao ndugu huku na watoto kule. Harusini wanawake wa pande zote wana haki ya kuwepo, na hakuna anayewauliza wamekuja kufanya nini. Walioanza hawakuzidi kumi na mbili.

Walianzia sokoni

Hapa ndipo penye funzo tulilolipenda zaidi. Wanawake hawa hawakuanza kwa kwenda kusimamisha vita porini. Walianza na soko.

Uhasama ulikuwa umeingia mpaka kwa wanawake wenyewe. Wauzaji na wanunuzi walikuwa wakibaguana kwa ukoo, mtu anazuiwa kuuza au kununua, na ugomvi ukilipuka sokoni unafika kwa wanaume wenye silaha kabla ya jua kuzama. Basi wakaunda kamati yenye wanawake wa koo zote. Kanuni yao ilikuwa nyepesi ya kueleweka: soko ni la kila mtu, atauza na atanunua anayetaka, awe wa ukoo wowote. Wakaweka wanawake wa kuangalia kanuni inafuatwa, na palipotokea kutofahamiana, wao ndio waliokwenda kwanza, pale pale, kabla ya maneno kukua.

Sisi tulipoingia kozi ya ushoni, wiki za mwanzo hatukupewa kitambaa cha mtu. Tulishona juu ya karatasi, cherehani haina hata uzi, mstari ulionyooka, kisha kona, kisha duara. Tuliona tunapotezewa wakati. Baadaye tukafahamu kwamba mkono hauwezi kufundishiwa juu ya gauni la harusi, kwa sababu kosa lake ni la kulia. Kina mama wa Wajir nao walijifunzia sokoni. Walijifunza kusikiliza pande mbili, kuweka kanuni, kuisimamia bila ya kumdhalilisha mtu, na kufika mapema. Siku walipokwenda kwa wazee wa koo, mkono ulikuwa umekwishazoea.

Wataalamu wanaziita mbinu kama hizi kupinga uovu bila ya kutumia nguvu. Wengine wetu tukisikia hivyo tunadhani ni kukaa kimya na kumwachia Mungu. La. Mwanamke aliyesimama baina ya wauza maziwa wawili wanaotaka kupigana hakukaa kimya. Amefanya kazi, tena kazi ya hatari. Ile yetu ya harusi ya Pemba, ya kutazama sinia zinarudi jikoni na kunyamaza, ndiyo ilikuwa kukaa kimya.

Swali gumu

Mwaka 1993 kazi ile ilipata jina: jumuiya ya wanawake wa Wajir kwa ajili ya amani. Na mlangoni mwake paliwekwa swali ambalo kila mara tukilikumbuka, mwili unatusisimka.

Anayetaka kujiunga aliulizwa hivi kwa maana yake: ikiwa siku moja watu wa ukoo wangu watawaua ndugu zako, je, utaendelea kukaa na mimi tukafanya kazi ya amani? Asiyeweza kusema ndiyo, alishauriwa asiingie.

Tumelijaribu swali hilo baina yetu, jioni moja tukitia vifungo. Tulitazamana, hakuna aliyejibu haraka. Ni rahisi kupenda amani na mtu ambaye hajakukosea. Lakini wanawake wale walijua kwamba siku hiyo itakuja kweli, si mfano. Mtu wa ukoo huu atauliwa, na kesho yake asubuhi kamati itakutana. Kama jibu halikutafutwa kabla, jumuiya itavunjika siku ya kwanza ya msiba. Ndiyo maana waliulizana mapema, wakati moyo una utulivu.

Wazee, vijana na serikali

Soko lilitulia, lakini vijijini na malishoni mapigano yaliendelea. Wanawake wakaona kwamba kamati yao haitoshi. Kwa mila za kule, mkataba wa koo hufungwa na wazee wanaume. Wangeweza kusimama wakalaumu mila. Wao walichagua kuwafuata wazee, wakaungana na wanaume waliosoma na wafanyabiashara waliochoshwa na vita.

Na hapa walitumia hekima kubwa. Wangemweka mzee wa ukoo mmoja mkubwa kuwa mbele, wawili waliobaki wangesema ameshapangwa. Walimtafuta mzee kutoka katika ukoo mdogo, ambao hakuna anayeuogopa wala anayeudai kisasi. Akawa ndiye msemaji wa kuwakalisha wakubwa. Mdogo akawa daraja.

Wazee wakakutana, na Septemba 1993 wakatia saini makubaliano yanayojulikana kama Azimio la Al-Fatah, yaliyoweka masharti ya kurudi katika amani. Lakini kina mama hawakusema kazi imekwisha. Waliuliza: nani hakuwemo katika kikao? Hawakuwemo vijana, nao ndio wenye bunduki. Vijana wakafuatwa, wakasikilizwa, wakaunda kundi lao la amani. Vijana walisema wazi kwamba mtu hawezi kuweka silaha chini akabaki hana kazi, kwa hiyo suala la riziki likawa sehemu ya amani. Masheikh nao wakawemo. Na wafanyabiashara wakachangia, kwa kuwa gari la kukimbilia kijijini linataka mafuta.

Waliunda pia timu ya kufika haraka, yenye wazee, wanawake, masheikh, vijana na maofisa wa usalama wa serikali. Ng'ombe wakiibiwa au mtu akiuliwa, timu ilikwenda kabla ya watu kupanga kisasi. Kumbukeni Wagalla, mfahamu uzito wa wanawake hawa kupanda gari moja na maofisa wa serikali.

Mwaka 1995 makundi yote yaliunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, iliyokaa pamoja na ofisi ya mkuu wa wilaya, na Bi Dekha akawa katibu wake. Mfano huo wa kamati za amani za wilaya ukachukuliwa na sehemu nyengine za Kenya. Nchi ilipoingia katika machafuko baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Bi Dekha alikuwa miongoni mwa wananchi waliokusanyika Nairobi siku zile zile kutafuta njia ya kuzima moto, na baadaye likatolewa agizo kwamba kamati kama ile ya Wajir ziundwe katika wilaya zote za Kenya.

Ujuzi wake haukubakia kwao tu. Alikuwa mkufunzi katika taasisi ya Responding to Conflict ya Birmingham, Uingereza, na mmoja wa waandishi wa kitabu cha mafunzo, Working with Conflict, kilichotoka mwaka 2000. Mwaka 2007 alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood, ambayo watu huiita Nobel mbadala. Miaka yake ya mwisho aliishi Mombasa, mjini kwa Waswahili wenzetu. Julai 2011 alifariki kutokana na ajali ya gari akiwa njiani kwenda katika shughuli za amani, na mumewe alifariki katika ajali hiyo hiyo. Mwenyezi Mungu awarehemu na aipe kazi yao malipo mema.

Kuanza na nafsi

Bi Dekha hakuificha dini yake alipofundisha. Aliwaeleza wanafunzi wake, Waislamu na wasio Waislamu, kwamba msuluhishi anaanza na nafsi yake, na akatumia mafunzo ya Qur'ani kuhusu hali tatu za nafsi: nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu, na nafsi iliyotua. Kabla ya kuingia baina ya watu wawili, ujiulize leo umekuja na ipi. Ukiingia na ile ya kwanza, hata ukisema maneno mazuri utaongeza kuni.

Dini yetu haikutuacha bila ya mafunzo katika jambo hili. Surat al-Hujurat inatuamrisha kuyapatanisha makundi mawili ya waumini yanapogombana. Surat an-Nisaa, aya ya 35, inafundisha kwamba ikihofiwa mfarakano baina ya mume na mke, atumwe mpatanishi mmoja kutoka kwa watu wa mume na mwengine kutoka kwa watu wa mke. Tazameni utaratibu huo: wawili, mmoja kila upande, na nia yao iwe ni kusuluhisha. Kile walichokifanya Wajir kwa koo kimewekwa kwa ajili ya nyumba zetu pia.

Na tunaye mama yetu, Umm Salama (RA). Mwaka wa 6 Hijria, sawa na 628, Mtume (SAW) alitoka na Waislamu wapatao 1,400 kwenda kufanya umra, wakazuiwa Hudaybiya. Ukafungwa mkataba wa amani ambao masahaba wengi waliuona mzito: warudi mwaka ule bila ya kuingia Makka. Mtume (SAW) alipowaamrisha wachinje na wanyoe, hakuna aliyeinuka, kwa huzuni waliyokuwa nayo. Akaingia kwa Umm Salama akamweleza. Bi Umm Salama hakuwalaumu masahaba. Alimshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake mwenyewe na amwite wa kumnyoa. Alipofanya hivyo, wote wakainuka wakafuata. Mwanamke mmoja alisoma nyoyo za watu, akajua kwamba pale maneno yamekwisha kazi na kinachotakiwa ni kitendo. Huo ni ujuzi, tena mkubwa.

Amani haifungwi mara moja

Tusiwadanganye kwamba Wajir haikuona tena msiba. Mwaka 1998 palitokea mauaji makubwa ya Bagalla, wafugaji waliposhambuliwa na watu kutoka upande wa Ethiopia. Mwaka 2013 na 2014 mapigano ya Garre na Degodia yaliwahamisha watu wengi mpakani mwa Wajir na Mandera. Vijana walioshika silaha mwaka 2014 wengi wao walikuwa hawajazaliwa au wachanga wakati Azimio la Al-Fatah linatiwa saini. Amani haimo katika damu ya mtu. Aliyeijua asipomfundisha mwanawe, mtoto ataanza na ujinga ule ule.

Na sisi visiwani tunalijua hilo. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana, yakaanza yale tuliyoyaita Maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 zaidi ya asilimia 66 ya waliopiga kura walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Mwaka ule tuliona watu wakirudi kuzikana na kualikana. Yule jirani wa ukuta mmoja alikuja kwa yule biharusi wetu, na sinia ya maandazi kichwani. Wakakumbatiana, wakalia. Lakini mtoto wa kwanza alikwishazaliwa, akaanza chuo, akahitimu juzuu yake ya kwanza, bila ya yule mama kumbeba hata siku moja. Viongozi wakipatana, alhamdulillah. Miaka iliyopotea baina ya majirani wawili haimo katika mkataba wowote. Ile tungeweza kuiokoa sisi, kwa hodi moja.

Tulichokichukua sisi

Mnaweza kuuliza, haya na fundi wa nguo yana nini? Tuwape siri yetu. Mwaka mmoja familia mbili zilikuwa zinashonesha sare kwetu, upande wa bwana na upande wa biharusi. Shangazi mmoja akatoa neno chafu kuhusu mahari alipokuwa anapimwa. Sisi tukalichukua tukalifikisha upande wa pili, eti tunawahadharisha. Posa ilikaribia kuvunjika. Hatukurusha jiwe wala hatukumpiga mtu, lakini moto tuliuwasha sisi.

Baada ya aibu ile ndipo tukaweka kanuni zetu, kwa mfano wa soko la Wajir. Maneno ya chumba cha kupimia hayatoki nje. Mteja hasemwi kwa chama chake, kabila lake wala kwao. Na anayekuja na hasira kwanza anakaribishwa maji na kiti, halafu anasikilizwa mpaka amalize, ndipo sisi tunafungua kinywa. Ni kanuni tatu tu, na zinatushinda mara nyingine, lakini tunarudi tunajifunza tena.

Kwa mabiharusi wetu tunalo ombi. Mnapopanga idadi ya sinia na rangi ya sare, panga pia jambo hili na mwenzio, mapema, wakati mnacheka: tukikosana, nani atakuwa wako na nani atakuwa wangu? Mchague watu wawili wenye siri na wenye nia ya kusuluhisha, muwaambie kabla. Msingoje siku ya ugomvi, kwani siku hiyo kila mtu atamtafuta wa kumuunga mkono, si wa kumpatanisha.

Na katika orodha yako ya wageni, tazama ni nani hayumo kwa sababu ya ugomvi wa wazazi, wa siasa au wa shamba la urithi. Usimpelekee kadi kwa mtoto. Nenda mwenyewe, na somo yako, ukapige hodi. Huenda asikufungulie. Kina mama wa Wajir nao hawakufunguliwa kila mlango. Lakini harusi ni ruhusa ambayo hatupewi kila siku, ya kuingia nyumba ambayo siku nyengine tusingeingia.

Ewe Mola wetu, ziunganishe nyoyo zetu, tujaalie nafsi zilizotua, na uwape mabiharusi wetu nyumba ambazo watoto hawatahitaji kuujua mvungu. Amin.